Dawa yangu ina jeneriki? Maswali tunayoulizwa kila siku dirishani

Kuna mzee huja dukani kila mwisho wa mwezi na boksi tupu la Norvasc, dawa ya presha, limekunjwa mara mbili ndani ya mfuko wa shati. Hulikunjua, hulilaza juu ya kaunta, husema, "Mwanangu, kama hii." Mwezi mmoja mambo hayakuwa mazuri, akaniinamia na kuuliza kwa sauti ya chini kama ipo ya bei ya watu. Ipo. Miaka yote aliyokuwa akinunua ile ya boksi, hiyo nyingine ilikuwa nyuma yangu, rafu ya pili. Hakuna aliyemwambia, mimi nikiwemo. Alitaja jina, tukampa jina alilotaja.

Maswali haya nimeyakusanya kwa sababu yake. Nafanya kazi ya famasi Dar es Salaam, kwa hiyo mifano mingi ni ya hapa. Majina ya dawa nimeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye boksi, maana ndivyo utakavyoyakuta.

Jeneriki ni nini hasa? Ndiyo hiyo mnayoiita "ya India"?

Dawa ina jina la kitaalamu, ambalo ni jina la kitu kilichomo ndani kinachotibu, na ina jina la biashara, ambalo kampuni imelibuni ili bidhaa yake ijulikane. Jina la kitaalamu halina mwenyewe. Shirika la Afya Duniani ndilo linaloyapanga majina hayo, na orodha yake ya kwanza ilitoka mwaka 1953, ili daktari wa Moshi na daktari wa Manila wakiandika amlodipine wawe wanazungumzia kitu kimoja. Kampuni iliyoigundua dawa huiuza peke yake kwa miaka kadhaa. Haki yake ikiisha, wengine nao huruhusiwa kuitengeneza, na hiyo yao ndiyo jeneriki.

Nyingi zinatoka India, ni kweli. Lakini zipo za Kenya, za Bangladesh, za Ulaya, na zipo za viwanda vyetu wenyewe. Kuiita "ya India" kunapotosha, kwa sababu mtu hubaki akidhani jeneriki ni suala la nchi.

Kuna jambo la pili linalowachanganya watu zaidi: jeneriki nayo yaweza kuwa na jina lake la biashara. Chukua dawa mseto ya malaria, ile tunayoiita ALu. Coartem ni ya Novartis, ndio waliotangulia. Lumartem ni ya Cipla, Artefan ni ya Ajanta, Lonart ni ya Bliss. Maboksi manne, rangi nne, na ndani yake mote mna artemether na lumefantrine. Mtu anakuja anasema, "Coartem haikunisaidia, nipe Lonart." Huyo harudi na dawa mpya nyumbani, anarudi na ileile. Kama homa haijashuka baada ya kumaliza dozi, cha kufanya ni kurudi kupima. Huenda hata si malaria.

Nitalijuaje jina la kitaalamu?

Lishike boksi karibu na macho. Jina kubwa la rangi ni la biashara. Chini yake au pembeni, kwa herufi ndogo zisizo na madaha yoyote, kuna jina lingine, na mbele yake kuna namba. Kwenye boksi la yule mzee imeandikwa Norvasc kwa herufi kubwa, halafu amlodipine, halafu 5 mg. Wakati mwingine utaona neno la ziada kama besylate au besilate; hiyo ni chumvi iliyofungwa pamoja na dawa ili kidonge kitengenezeke. Neno amlodipine na ile 5 mg ndivyo unavyovitafuta. Viandike kwenye simu.

Usiposhika lolote kwenye ukurasa huu, shika hilo. Kwa dawa nyingi za kawaida, swali la "jeneriki ipo?" limeshajibiwa siku nyingi, ipo. Kinachomkwamisha mtu ni kutojua aiulize kwa jina gani.

Baadhi ya zile zinazotajwa sana dirishani: Panadol ni paracetamol. Flagyl ni metronidazole. Septrin ni co-trimoxazole. Ciproxin ni ciprofloxacin, Zithromax ni azithromycin. Ya sukari, Glucophage, ni metformin. Lipitor ya kolesteroli ni atorvastatin, Plavix ni clopidogrel, Losec ni omeprazole, Ventolin ni salbutamol. Viagra, ambayo wanaume huisubiri mpaka duka libaki tupu ndipo waiulize, ni sildenafil. Zote hizo zina jeneriki, nyingine zina makumi.

Sina boksi. Nina kipande cha karatasi ya vidonge tu, na jina limekatwa.

Hili ni kosa letu wauza dawa. Tunakata karatasi ya vidonge kumi ili tumuuzie mtu vinne, na mkasi unapita palepale penye jina. Au tunamimina vidonge vya kopo kwenye kibahasha na kuandika "1x3" bila kuandika ni nini.

Geuza kipande hicho upande wa fedha, kitazame kwenye mwanga wa pembeni. Mara nyingi mabaki ya jina yapo, au namba ya toleo ipo. Kama hakuna kitu, usikisie kwa rangi na umbo. Vidonge vyeupe vya duara vyenye mstari katikati ni vingi mno, na vingine ni vya presha, vingine vya kuharisha. Rudi ulikonunua, au tafuta cheti cha daktari. Na safari ijayo sema kabla mkasi haujafika: "Niandikie jina la dawa na miligramu zake juu ya bahasha." Ni haki yako, na muuzaji hapotezi hata nusu dakika.

Nimeshalipata jina. Sasa nitajuaje kama jeneriki ipo hapa nchini?

Njia ya haraka ni mdomo, ila uliza vizuri. Ukisema "Mna Norvasc?" utajibiwa ipo au haipo, na mazungumzo yataishia hapo. Ukisema "Mna amlodipine ya miligramu tano? Za kampuni zipi, na kila moja bei gani?" muuzaji analazimika kugeuka na kutazama rafu nzima. Nenda maduka mawili au matatu. Duka moja kukosa hakumaanishi nchi imekosa.

Njia ya pili ni daftari la dawa zilizosajiliwa. Kwa Tanzania linatunzwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyokuwa ikiitwa TFDA hadi mwaka 2019, na linasomeka kwenye tovuti yao. Kosa la kawaida ni kutafuta kwa jina la biashara. Ukiandika Lipitor utaletewa Lipitor. Andika atorvastatin, utaona msururu wa majina ambayo hujawahi kuyasikia, na hizo ndizo jeneriki zako. Halafu chuja: nguvu ileile, umbo lilelile, kidonge kwa kidonge, sirapu kwa sirapu. Kenya daftari liko kwa Bodi ya Famasi na Sumu, Uganda liko kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, Rwanda wanayo Rwanda FDA. Tahadhari moja tu: kusajiliwa ni ruhusa ya kuuzwa. Dawa inaweza kuwa kwenye daftari na mwagizaji asiwe ameileta mwaka mzima.

Njia ya tatu wengi hawaifikirii. Mwongozo wa taifa wa matibabu, pamoja na orodha ya taifa ya dawa muhimu, umeandikwa kwa majina ya kitaalamu. Dawa yako ikiwa kwenye orodha hiyo, kuna uwezekano mkubwa Bohari ya Dawa huinunua kwa ajili ya hospitali za serikali, na wao hununua jeneriki. Kwa hiyo muulize hata mfamasia wa hospitali ya wilaya. Anaweza kukuambia mambo ambayo wa duka la binafsi hana haraka ya kukuambia.

Boksi langu lina majina mawili ya kitaalamu. Nifuate lipi?

Yote mawili, na namba zote mbili. Augmentin 625 si "amoksilini kali", kama wengi wanavyodhani. Ni amoxicillin miligramu 500 na clavulanic acid miligramu 125 ndani ya kidonge kimoja. Ukienda kuomba amoxicillin peke yake utapata nusu ya habari, na ile nusu iliyobaki ndiyo sababu daktari aliandika hiyo. Jeneriki yake lazima iwe na vyote viwili.

Panadol Extra ina paracetamol miligramu 500 na kafeini miligramu 65, kwa hiyo paracetamol ya kopo si jeneriki yake, ingawa kwa kichwa kinachouma kidogo mimi binafsi sioni sababu ya kulipia hiyo kafeini. Chai ipo.

Kwa dawa za presha zilizounganishwa mbili kwa moja, wakati mwingine jeneriki ya mchanganyiko haipatikani lakini kila dawa peke yake ipo kwa bei ndogo. Daktari anaweza kukuandikia vidonge viwili badala ya kimoja. Muulize yeye, usijigawie mwenyewe.

Herufi zilizo baada ya jina, kama XR, SR au Retard, zina maana?

Zina maana kubwa. Ni alama kwamba kidonge kimetengenezwa kitoe dawa polepole. Glucophage XR na metformin ya kawaida zina dawa moja, lakini ya kwanza huachia dawa kwa saa nyingi, na ya pili huachia mapema. Jeneriki ya Glucophage XR 500 ni metformin ya kutoa polepole ya miligramu 500. Adalat Retard hali kadhalika: nifedipine ya kawaida inayofanya kazi haraka inaweza kuishusha presha ghafla ukaanguka. Na kidonge cha kutoa polepole hakitafunwi wala hakisagwi, hata kama mgonjwa anashindwa kumeza.

Hata chumvi niliyoitaja juu mara nyingine huwa na kazi. Voltaren ni diclofenac sodium na Cataflam ni diclofenac potassium. Dawa ya maumivu ni ileile, ila Cataflam huanza kazi mapema zaidi. Kwa amlodipine tofauti ya chumvi haikuhusu, kwa diclofenac inakuhusu kidogo. Ndiyo sababu nasema mwoneshe mfamasia boksi lote, usimwambie jina tu.

Losartan na valsartan zinafanana majina. Moja ni jeneriki ya nyingine?

Hapana. Ni ndugu wa ukoo mmoja. Majina ya kitaalamu yana mikia inayoonyesha ukoo: zenye -sartan ni ukoo mmoja wa presha, -pril ni mwingine, -dipine ni mwingine, -olol ni mwingine. Za vidonda vya tumbo huishia na -prazole, za kolesteroli na -statin. Mkia ukifanana, kazi hufanana, lakini dozi na madhara vinaweza kutofautiana. Kukutoa Nexium kukupeleka omeprazole si kukupa jeneriki, maana Nexium ni esomeprazole. Huko ni kubadilishiwa dawa, na wa kufanya hivyo ni daktari. Jeneriki ni jina lilelile la kitaalamu, herufi kwa herufi.

Mbona nyingine hazina jeneriki kabisa?

Sababu ya kwanza ni hataza, ile haki ya mgunduzi ya kuiuza dawa yake peke yake. Chini ya mkataba wa hakimiliki za kibiashara wa Shirika la Biashara Duniani, hataza hulindwa miaka 20 tangu siku ya kuombwa, na miaka mingi kati ya hiyo huliwa na majaribio kabla dawa haijafika sokoni. Nchi zilizo katika kundi la nchi maskini zaidi, na Tanzania imo pamoja na Uganda, Rwanda, Burundi na Congo ya Kinshasa, zimepewa nafuu ya kutolazimika kulinda hataza za dawa mpaka tarehe 1 Januari 2033. Kenya haimo. Lakini nafuu kwenye karatasi haitengenezi kidonge. Lazima kiwepo kiwanda mahali fulani kinachokitengeneza, na mtu wa kukisajili na kukileta.

Kwa sababu hiyo macho yetu sote huwa India. Januvia, yaani sitagliptin ya sukari, ilikuwa ghali kwa miaka. Hataza yake ikaisha kule mwaka 2022, na kampuni nyingi zikaitoa karibu kwa pamoja. Basi ukijibiwa leo kwamba dawa yako haina jeneriki, weka alama kwenye kalenda uulize tena baada ya mwaka. Dawa ya mwezi mzima kila mwezi inastahili swali moja kwa mwaka.

Sababu nyingine ni kwamba dawa ni ngumu kutengeneza, au wagonjwa wake ni wachache na hakuna anayeona faida.

Jeneriki ina nguvu ileile kweli? Bei ndogo namna hii?

Bei ni ndogo kwa sababu anayenakili haanzi na utafiti wa miaka kumi wala kutangaza jina, na kwa sababu wanaoshindana ni wengi. Kuhusu nguvu, kuna maneno yanayozunguka kwamba jeneriki inaruhusiwa kuwa na dawa pungufu kwa asilimia 20. Si kweli, ila najua yalikotoka.

Dawa hupewa watu waliojitolea, damu yao hupimwa saa baada ya saa, kisha jeneriki hulinganishwa na ya mwanzo: kilele chake kwenye damu kilifika wapi, na jumla ya iliyoingia ni kiasi gani. Matokeo ya watu hayawi namba moja, huwa na upana. Sharti ni kwamba upana huo wote, kutoka ncha hadi ncha, ulale kati ya asilimia 80 na 125 ya ile ya mwanzo. Ili upana wote uingie humo, wastani wenyewe hulazimika kukaa karibu na 100. Wamarekani walipopitia majaribio 2,070 ya namna hiyo ya miaka 12, tofauti ya wastani kwenye jumla ya dawa iliyoingia kwenye damu ilikuwa kama asilimia 3.5. Hata toleo na toleo la kampuni moja hutofautiana kidogo.

Kama namba hazikutoshi, tazama kliniki za VVU. Mwaka 2000 dawa za mwaka mzima za mgonjwa mmoja zilikuwa zaidi ya dola 10,000. Februari 2001 Cipla ya India ikatangaza kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka kwa Madaktari Wasio na Mipaka. Kidonge kimoja cha siku ambacho mamilioni ya watu Afrika humeza leo, chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, ni jeneriki, na hao watu wapo, wanalea wajukuu.

Kuna dawa ambazo nisibadilishe kampuni bila kumwona daktari?

Zipo, na si nyingi. Ni zile ambazo kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru pana nafasi ndogo: warfarin ya kuzuia damu kuganda, phenytoin na carbamazepine za kifafa, levothyroxine ya tezi, digoxin ya moyo, lithium, na dawa wanazomeza waliopandikizwa figo, kama ciclosporin na tacrolimus. Hizi nazo zina jeneriki, na unaweza kuanza nayo tangu siku ya kwanza. La kuepuka ni kurukaruka, mwezi huu kampuni hii, mwezi ujao ile. Ukilazimika kubadili, daktari ajue, na akipanga kipimo cha damu kipime.

Mgonjwa wa kifafa aliyekaa miaka miwili bila kuanguka, mimi simgusi. Kama ni Tegretol, yaani carbamazepine, inabaki Tegretol mpaka daktari wake aseme vingine, hata akilalamika bei.

Insulini na pampu za pumu je?

Insulini hutengenezwa kwa viumbe hai, kwa hiyo haina jeneriki kwa maana tunayoizungumzia hapa. Ina dawa pacha, inayofanana sana na ya mwanzo na iliyopimwa kivyake. Insulin glargine, kwa mfano, Lantus ndiyo iliyotangulia, na sasa zipo za kampuni nyingine. Kuhama kunawezekana ila kwa usimamizi, huku unapima sukari mara nyingi zaidi ya kawaida. Na soma namba: chupa nyingi ni za yuniti 100 kwa mililita, lakini zipo za India za yuniti 40. Ukivuta ya 100 kwa sindano ya 40 unajichoma mara mbili na nusu ya dozi yako. Ndugu akikuletea insulini kutoka safari ya matibabu, hilo ndilo jambo la kwanza la kutazama.

Pampu ya salbutamol ya rangi ya bluu ina jeneriki nyingi na nzuri. Kwa zile za dawa mbili, kifaa chenyewe hutofautiana. Omba uoneshwe namna ya kuvuta kabla hujaondoka.

Ya bei rahisi si ndiyo feki?

Feki na jeneriki ni vitu viwili mbalimbali. Jeneriki imesajiliwa, ina mtengenezaji, ina anwani. Feki hujificha nyuma ya jina la mtu mwingine, na mwenye kughushi hughushi jina linalouzika, kwa hiyo boksi la jina kubwa halikukingi. Angalia namba ya usajili inayoanza na TAN kwa dawa zilizosajiliwa hapa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na hakikisha za kwenye boksi ndizo zilizo kwenye karatasi ya vidonge. Nunua kwenye famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali ukutani, usinunue kwa mtu mwenye begi kituo cha basi. Ukitilia shaka, TMDA wanapokea taarifa.

Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika ambayo Shirika la Afya Duniani lilitambua kuwa mfumo wake wa kudhibiti dawa umefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, mwaka 2018. Hilo halimaanishi kila kidonge sokoni ni salama. Linamaanisha ile TAN ina kazi nyuma yake.

Ndugu yangu wa Marekani kaniletea dawa. Majina siyajui.

Tylenol ni paracetamol, ila Wamarekani huiita acetaminophen hata kwa jina la kitaalamu. Wao pia huita salbutamol albuterol, glibenclamide huiita glyburide, na rifampicin huiita rifampin. Kutoka Ghuba utaletewa Adol, nayo ni paracetamol. Ukiwa Bujumbura au Bukavu utakutana na Doliprane na Efferalgan, paracetamol tena, na kwenye maandishi ya Kifaransa maneno "jina la kitaalamu" hufupishwa DCI.

Hatari iko kwenye jina la biashara linalofanana. Dilacor ya Marekani ni diltiazem. Huko Serbia jina hilohilo lilikuwa la digoxin. Zote za moyo, na kuzichanganya si mchezo. Kwa hiyo ukimtuma mtu wa nje, mtumie jina la kitaalamu na miligramu. Naye akiwa Marekani, ajue kwamba mamlaka yao ya dawa inalo orodha liitwalo Orange Book, linalochapishwa tangu 1980, linaloonyesha jeneriki ipi inaweza kuchukua nafasi ya dawa ipi.

Daktari kaandika jina la biashara. Nitamuudhi nikiuliza?

Muulize pale pale chumbani, kabla hajakugongea muhuri: "Daktari, naomba uniandikie na jina la kitaalamu, nikikosa hii ninunue nyingine." Wengi wataandika bila neno. Akisema hapana, ibaki hiyohiyo, mwombe akueleze sababu. Huenda ni moja ya zile za kutorukaruka.

Nimebadilishiwa, kidonge kina rangi nyingine. Nimeze?

Rangi na umbo ni mali ya kampuni, kwa hiyo kubadilika ni kawaida. Linganisha jina dogo na namba, vikilingana meza. Kama huwa unadhurika na rangi fulani, au maziwa hukusumbua, mwambie mfamasia atazame viambato vingine kwenye kikaratasi cha ndani, kwa sababu vidonge vingi hushikizwa na laktosi.

Linalonitisha ni jingine. Mama mmoja alikuja miguu imevimba, kizunguzungu hakimwachi. Nikamwomba anioneshe anachomeza. Akafungua mkoba, akatoa kipande cha Norvasc, akatoa na boksi jipya lililoandikwa amlodipine, alilopewa zahanati. Alikuwa akimeza asubuhi ile na jioni hii, wiki tatu. Alidhani ya zahanati ni nyongeza. Ukianza jeneriki, ile ya zamani iondoe kabatini siku hiyohiyo, au ifungie mpira na uandike juu yake ISIMEZWE PAMOJA.

Naweza kumtumia mfamasia picha tu badala ya kuja?

Unaweza. Piga picha mbili: upande wenye jina dogo na miligramu, na upande wenye namba ya usajili na tarehe ya kuisha. Usipige boksi likiwa mkononi, kidole hufunika palepale panapotakiwa. Liweke juu ya meza, mchana, karibu na dirisha.